Kiuno Si Nyonga

Dada yangu ni fundi cherehani mwaka wa thelathini na moja sasa, na mtaani wanamwita Futi. Ile futi ya kupimia haimtoki shingoni. Akikutupia jicho mara moja ameshajua kiuno chako, na kama umenenepa atakwambia mbele za watu.

Mwaka jana mgongo ulimgomea. Pini zikianguka hakuweza kuziokota, ikabidi afunge sumaku kwenye kijiti na kuzivua kama samaki. Daktari wa viungo akamwambia achague: auzoeshe mgongo kusogea, au aachane na cherehani. Binti yake, ambaye naye ni fundi, akaweka tarehe kabisa.

"Mama, mwezi wa sita ukiisha hujapona, naichukua cherehani. Wewe upumzike."

Alisema kwa mapenzi, lakini dada aliipokea kama hukumu. "Nipumzike nifanye nini? Nihesabu nzi?"

Mimi mdogo wake, kwa kujiona nina akili, nikampeleka kwenye mazoezi ya yoga, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vioo. Kila asubuhi tulipiga salamu ya jua. Unasimama, unainua mikono, unainama mpaka vidole viguse mkeka. Unapeleka miguu nyuma na kujikaza kama ubao, unashuka, unainua kifua, unasukuma makalio juu, halafu unarudi ulikoanzia. Mwalimu alikuwa kijana mrefu, mpole kupita kiasi. Akifika kwenye kuinama alisema vilevile kila siku: "Inameni kutoka kiunoni. Magoti yakazeni."

Sasa dada ni mtu wa vipimo. Ukimwambia kiunoni, kwake ni pale panapokaa mkanda, si kidole juu wala kidole chini. Akakunja papo hapo. Wiki ya tatu aliinama, hakuinuka. Tulimshusha ngazi watu wawili, yeye akitukana kwa sauti ya chini. Nilimlaani mwalimu, nikailaani yoga, nikalilaani na jua lenyewe. Moyoni nilijua ni mimi niliyempeleka, na iliniuma sana. Zilibaki wiki tano mwezi wa sita uishe.

Mwalimu alikuja kwenye karakana ya dada kuomba radhi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Dada alikuwa ameegemea mto, na hasira hana. Macho yake yalikuwa kwenye suruali ya mgeni.

"Hiyo inakubana. Hebu inama."

Akainama. Fundi husoma mikunjo ya nguo, na mikunjo haijui kudanganya. Shati halikujikunja hata kidogo pale kwenye mkanda. Suruali ndiyo iliyojikunja, chini zaidi, paja linapokutana na tumbo.

"Mwalimu, nionyeshe kiuno chako."

Kijana akaweka kiganja pale pale paja linapoanzia.

"Hapo ndipo kiuno?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu wangu! Hapo ni nyonga! Ningekukatia suruali kwa kiuno hicho ungetembea umeishikilia kwa mikono miwili!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha hasira zikanipanda upya. Neno moja tu lilikuwa limemlaza dada yangu.

Yeye hakuwa na muda wa kulaumu mtu. Akavuta futi, akampima kijana kutoka mfupa wa shingo hadi kifupa cha mkia. Akiwa wima: sentimita hamsini na nne. Akiinama kwa nyonga: hamsini na tano. Kisha akamwamuru ainame kwa kukunja kiuno chenyewe, kama alivyofanya yeye. Sitini na tatu.

"Umeona? Sentimita tisa nimezivuta mgongoni kwangu kila asubuhi. Hata koti lingeachia mshono."

Mwalimu akapiga magoti, akamweleza kwamba misuli ya nyuma ya paja imeshika mifupa ya nyonga kwa chini. Ukikaza magoti inaivuta, nyonga zinakataa kugeuka, na mgongo unalipa. Ukilegeza magoti kidogo, inaachia.

"Mbona hukusema legeza?"

"Nilikosea, mama."

Maumivu makali yalipotulia dada akaanza upya, taratibu, mikono juu ya meza kwanza, futi imebandikwa mgongoni na mimi ndiye msomaji. Ikizidi hamsini na tatu, kipimo chake cha wima kikiwa hamsini na mbili, napiga kelele. Pale ukumbini mwalimu sasa husema "kutoka nyongani", na huweka kiganja mahali penyewe ili asiwepo wa kukosea.

Siku ya mwisho ya mwezi wa sita binti alifika na wabebaji wawili. Dada alichukua kopo la pini akalimwaga lote sakafuni. Akalegeza magoti, akarudisha makalio nyuma, akainama mgongo umenyooka, akaokota pini ya kwanza. Akasimama. Akainama tena. Ya tano ilipoingia koponi binti alikuwa ameshaanza kulia, na wabebaji aliwafukuza mwenyewe.

"Basi mama. Nitatafuta yangu."

Nami kwa furaha nikainama kusaidia kuokota zilizobaki. Dada akanitazama, akachukua kile kijiti chenye sumaku, akanipa.

"Shika, mdogo wangu. Nimeona unavyoinama."