Njia ya Nane Bado Tupu

Saa tatu asubuhi mjini Kokopo, Elsie Varpin ameikodolea macho simu kama anayetafuta sindano kwenye picha ya mchanga. Picha imetoka Lae, mji wa ng'ambo ya bahari, kwa shemeji yake Kepas. Inaonyesha kipande cha chuma chenye mstari mweupe katikati.

"Tangu lini chuma hiki kikawa na mstari mweupe?" anauliza, bila kumlenga mtu.

Elsie, 58, ana studio ya chumba kimoja nyuma ya kanisa. Bendi za gitaa humlipa kina 350, fedha ya huko, kwa wimbo, naye hurekodi kwa tepu tu. Mashine yake, kubwa kama friji iliyolazwa, hupokea sauti nane kwenye tepu pana ya inchi moja, kila sauti na njia yake. Mwezi uliopita mota iliungua. Tangu hapo, anasema, kichwa chake ndicho kinachozunguka.

Huko Lae zinauzwa mashine mbili, naye ana uwezo wa kununua moja. Ya kwanza ni pacha wa ile yake: njia nane, imechubuka kila kona, kina 6,000. Ya pili inang'aa, njia kumi na sita, bei ileile.

"Chukua kumi na sita," Kepas anamwambia kwenye simu. "Ni mara mbili ya nane, shemeji. Hata mimi niliyefeli hesabu naliona hilo."

"Tepu yake ni ya nusu inchi, Kepas. Umewahi kuona watu kumi na sita wakilala kitanda cha mtu mmoja?"

"Nimekulia nyumba hiyo."

Kicheko hakikati shauri. Bendi za vijana zinataka njia nyingi, na zikihama, studio itafungwa. Lakini mashine ya kumi na sita haiwezi kusoma tepu za zamani za Elsie, na moja kati ya hizo inasubiriwa na Aminio ToLiplip.

ToLiplip, 71, mkulima wa kakao, ndiye pekee aliye hai kati ya watano wa bendi yake. Agosti 1994 walijaza njia saba za wimbo mmoja. Ya nane ikaachwa kwa ajili ya sauti yake, maana siku ile mafua yalikuwa yamemkaba.

"Nikaambiwa nirudi wiki ya tatu ya Septemba," anasema. "Wiki hiyo mlima nao ukaamua kuimba. Baadaye wenzangu wakaanza kufa, nikakosa moyo wa kuimba mpaka mwaka huu."

Majivu ya volkano yalipoanza kumwagika, Elsie alipakia tepu garini na kuacha magodoro. Mumewe humkumbusha mpaka leo.

Juzi alimwomba Kepas apitishe kucha kwenye kichwa cha ile mashine ya njia nane, yaani kile kichuma kinachosoma tepu. Kikiwa kimeliwa, kucha hunasa kwenye mfereji uliochimbwa na tepu. Kepas akajibu: laini kama kioo. Elsie akashangilia. Kisha ikaja ile picha.

"Kepas, ulikuwa unatafuna popoo kwa chokaa ulipokigusa?"

"Ulisema kucha. Hukusema kucha safi."

"Chokaa yako imeziba mfereji. Ndiyo maana ukakiona kichwa laini."

"Basi nimekusaidia. Sasa mfereji unaonekana vizuri."

Unaonekana kweli, tena mpana. Kichwa kimekwisha.

"Jumatatu niliamua nane, Jumanne kumi na sita," Elsie anasema. "Leo sina hakika kama ni Jumatano."

ToLiplip, aliyekuja kuuliza habari za wimbo wake, anaizunguka mashine iliyokufa.

"Fundi, hii yako kichwa chake kikoje?"

"Kizima. Nilikipeleka Brisbane kikanolewa. Mota ndiyo imekufa."

"Na ile ya Lae?"

"Mota nzima, kichwa kimekufa."

Mzee anamtazama kwa huruma. "Mimi sijui mashine. Lakini mkakao wenye mizizi mizuri na matunda mabaya, sisi huwa tunaupandikiza tawi la mkakao mzuri."

Elsie anakaa chini, kwenye sakafu. "Siku kumi nimelala na swali hili," anasema. "Siku kumi."

Anampigia Kepas: ya njia nane ipakiwe melini Ijumaa, na anawe mikono kwanza. Kukihamishia kichwa kizima kwenye mashine ya Lae na kukipanga sawa kutachukua siku tatu. Na vijana wanaotaka kumi na sita?

"Hapo bado sielewi," anakiri. "Tusichanganyikiwe na mambo mawili kwa siku moja."

Limebaki la sauti. ToLiplip hafiki tena juu alikofika zamani. Elsie anamweleza kwamba tepu inaweza kupunguzwa mwendo kidogo, wimbo ukashuka mpaka kwake.

Mzee anakataa. "Wale waache walivyo. Nipe wiki mbili za mazoezi, nitapanda mwenyewe niwafuate."