Mbuta Asiye na Nyama

Juzi nilimpeleka mama kula kwenye hoteli kubwa ya Homa Bay, ile yenye vitambaa vyeupe mezani. Mhudumu akatuletea mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani: kipande kinene, cheupe, hakina hata mfupa mmoja. Hasira zikanipanda kabla sijaonja.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni sokoni Migori, mafuta yakilia kwenye karai na harufu ya samaki ikiwa imeshika nguo zetu. Mama alikuwa akikaanga mgongo wazi wa mbuta, yaani kichwa na mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Nikamwuliza nyama yake iko wapi.

"Mbuta huzaliwa hivyo, nyathina, mwanangu. Nyonya mifupa."

Nilimwamini. Shuleni nilipigana na mtoto kutoka Kisegi, kwa wavuvi, aliyesema mbuta ana nyama, nikang'olewa jino nikiutetea uongo ule.

Pale hotelini mama aliubonyeza ule mnofu kwa kidole, kisha akamwita mhudumu. "Mifupa yake mmeipeleka wapi?"

"Hiyo hatuwapi wageni, mama. Inaenda sokoni."

Mama akaisukuma sahani. "Basi nifungie hii yote. Kuna watoto huko tumewadanganya."