Nduma za Metrine Chini ya Bwawa la Fabian

Metrine Naswa hamwamini mtu, na hapo najihesabu na mimi, ingawa Kombewa nzima huwezi kupata mzee wa sifa kama zangu. Akinunua sukari dukani, akifika nyumbani anaipima tena. Anaishi bondeni, chini ya bwawa la udongo la Fabian Wechuli. Kiangazi kikichoma kila kitu, shamba lake la nduma, lililo chini kabisa ya ukuta wa bwawa, huwa bichi tu. Sote tulisema mama ana bahati. Mimi, ambaye darasa la saba lilinitosha kabisa, nilimwambia Fabian ukuta wake unatoa baraka.

Februari hii akaja Debra, afisa wa maji, kukagua mabwawa ya watu binafsi. Maji hakuyatazama sana. Aliuliza nani analala kule bondeni na wako wangapi.

"Mtu wa maji anauliza vitanda?" Metrine akaninong'oneza. "Ametumwa na Fabian huyu. Wanataka kunihamisha."

Fabian naye alikuwa anamkazia Metrine macho. Alivyowaza, afisa ameitwa na nani, kama si Metrine?

Debra akatangaza kwamba bwawa liko daraja la hatari kubwa. Fabian akaruka.

"Kubwa? Hiki kidimbwi cha samaki? Ukuta huu ng'ombe wangu waliukanyaga mpaka ukawa jiwe!"

"Sijautukana ukuta, Mzee. Daraja halitokani na ukubwa wala uimara. Tunauliza tu, likipasuka, atakufa nani? Hapa chini kuna nyumba." Kisha akaelekeza kidole shambani. "Na hizi nduma, jua lote hili, zinakunywa nini?"

Nilitaka kusema baraka, nikameza.

Debra akaeleza kwamba maji yanayopenya yakiwa safi, mtu anaweza kuyachunga. Yakiwa na tope, ukuta unaliwa kutoka ndani. Akatoa chupa ya kukingia. Metrine akaisukuma.

"Chupa yako sijui ilikuwa na nini."

Akaleta yake ya mafuta ya kupikia, akaiosha mbele yetu, akakinga maji kwenye nduma na kuiweka juu ya jiwe. Tukaketi tukiiangalia kama mgonjwa. Tope likatulia chini, zito, jekundu kama ukuta wenyewe.

"Umetia udongo, mama!" Fabian akafoka.

"Nimetia na nini, na meno? Chota mwenyewe, Baba."

Akashuka na viatu vyake vya kanisani, akachota na chupa ya soda. Tope. Akajaribu upande wa pili. Tope.

"Maji yashushwe kabla ya mvua ya masika," Debra akasema. "Halafu hapa panapovuja pafukuliwe na kushindiliwa upya."

"Na samaki wangu?"

"Wavue."

Fabian akaahidi pampu asubuhi. Metrine aliingia ndani, akatoka na godoro kichwani, akapanda kilima mpaka kwa Fabian na kulibwaga sebuleni, sisi nyuma yake.

"Kwani unafanya nini, Mama?"

"Nalala hapa mpaka maji yaishe. Pampu isipokuja, tutakosa usingizi pamoja."

Fabian akanigeukia nimtetee. Mimi nikauliza samaki watakaangwa saa ngapi. Mke wake alikuwa ameshaanza kusogeza viti.