Mke wa Kuigiza

Katika chumba cha tiba, ambako wafiwa huigiza maisha na marehemu wao ili mtafiti apime kama uchungu unapungua, fundi cherehani mmoja ndiye huchaguliwa kuwa mke wa kila mgane. Kwanza hupangusa viganja mapajani, kama anayeogopa kuchafua kitambaa. Kisha sauti hushuka, na vidole vyenye alama za sindano hutafuta kola ya kunyoosha. Wiki iliyopita alinyoosha ya mzee mmoja mgane. "Umekula, baba watoto?" alimwuliza, na usiku ule mzee akapata usingizi.

Leo dereva mstaafu ndiye aliyemchagua. Mzee akatoa macho: viganja mapajani, kola, "Umekula, baba watoto?" ileile. Dereva akaangua kilio.

"Mwanamume mzima analia begani kwa mke wa mtu," mzee akanong'ona, roho ikimuuma.

Igizo lilipoisha, fundi akajikung'uta mabega na kusema, kama kanuni inavyotaka, "Mimi si mke wako. Mimi ni fundi cherehani."

Mtafiti akamgeukia mzee. "Na wewe, baba, uchungu wa leo ni ngapi kati ya kumi?"

"Tisa."

"Mbona wiki iliyopita ulisema tatu?"

"Wiki iliyopita mke wangu hakuwa na mume mwingine."