Tulivyouza Sufuria Manga

Niliambiwa ni kazi ya ofisi. Msichana niliyekuwa nikiimba naye kwaya kanisani, ambaye alikuwa amehamia Kisii mjini, alinipigia simu akasema wanatafutwa vijana waliomaliza kidato cha nne, wenye adabu na wasioogopa kuongea na watu. Mama alinipa sketi yake ya Sabato. Nikateremka kutoka Nyamira asubuhi ya baridi, vyeti vyangu vikiwa ndani ya bahasha niliyoibana kwapani ili isilowe mvua.

Ofisi ilikuwepo kweli, juu ya duka la kuuza mbolea. Ndani mlikuwa na meza moja tu, ya meneja. Vijana wengine walisimama kwa mistari wakipiga makofi na kuimba nyimbo za kuisifu kampuni, kwa sauti za nyimbo tulizozijua kanisani. Meneja alinipa mkono, akaniita dada, akaniambia nimeingia kwenye familia. Kisha akachukua kitambulisho changu akakitia kwenye droo. Alisema ni kwa ajili ya usajili.

Kesho yake nilivikwa begi mgongoni. Lilikuwa na seti ya sufuria nzito za kung'aa, zilizoingia moja ndani ya nyingine pamoja na vifuniko vyake vya kioo. Hapo ndipo nilipoelewa ofisi ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya kuimbia tu. Kazi ilikuwa barabarani.

Mshahara haukuwepo. Mtu alipata sehemu ndogo ya alichouza, na hiyo nayo ikakatwa kwa ajili ya chakula na chumba. Chumba kilikuwa Nyanchwa, nyumba ya mabati ambamo wasichana wote tulilala sakafuni, magodoro yakiwa yamebanana hata ukigeuka unamwamsha mwenzako. Wavulana walikuwa chumba cha pili. Tuliamka kabla ya jua, tukaoga kwa zamu, tukateremka kilima kwenda kuimba.

Aliyerudi bila kuuza alisimamishwa mbele asubuhi iliyofuata. Alipewa sufuria aishike juu ya kichwa kwa mikono miwili, na sisi wengine tukaimba mpaka wimbo uishe. Mikono ilitetemeka. Hakuna aliyepigwa, wala meneja hakupaza sauti. Alikuwa kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, mwenye tai, na alikuwa na njia ya kukuuliza mambo ya nyumbani kwenu mpaka unamweleza kila kitu. Siku moja alipokaa na kukunja mguu niliona soli ya kiatu chake imetoboka. Yeye pia alikuwa amebeba begi kabla ya kupewa meza.

Alituchagua sisi Wakisii kwa sababu maalumu. "Mkifika mlangoni salimieni kwa lugha ya nyumbani," alitufundisha. "Mtu hawezi kumfukuza mtoto wake." Ilikuwa kweli. Tulisema "Bwakire" mlangoni, mama wa watu akatoka jikoni akifuta mikono, akauliza sisi ni wa ukoo gani, akatupa uji. Wengi hawakununua, lakini walitulisha. Kuna siku ambazo sikula kitu kingine.

Kwa sisi Waadiventista, mtihani ulikuwa Jumamosi. Tulipoomba kwenda kanisani, meneja alisema Mungu anaona moyo, na kwamba Jumamosi mchana ndipo watu wako nyumbani. Kwa hiyo tulibisha kwenye milango ya watu waliotoka ibadani wakiwa bado na Biblia mkononi. Nao wakatutazama, wakaona sketi zetu za kanisa na mabegi mgongoni.

Nilipangiwa kutembea na msichana mmoja wa upande wa Gucha. Alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu, na alikuwa na mtoto mdogo aliyemwachia mama yake. Alikuwa amefanya kazi hiyo miezi mingi kunishinda, na alinifundisha kufunga begi kwa leso ili lisinichubue mabega. Tukipanda milima alikuwa akinisimulia jinsi atakavyosomea uuguzi. Hakuwahi kusema "nikipata." Alisema "nikianza."

Siku moja tulikuwa Manga, juu kabisa, tukifuata kijia kati ya chai na migomba. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulishika viatu. Tulifika kwenye boma moja, mwenzangu akatangulia kusukuma lango. Mbwa alitokea nyuma ya ghala bila kubweka. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba hakubweka. Alimshika mwenzangu shavu la mguu, naye akaanguka na begi lake, sufuria zikatoka zikiviringika kuelekea kwenye migomba.

Mwenye boma, mama mtu mzima aliyevaa gambuti, alikuja akikimbia na jembe. Alimpiga mbwa mpaka akaachia, akamfungia ghalani. Kisha akamkalisha mwenzangu kwenye kiti kidogo cha jikoni, akaukosha mguu kwa sabuni na maji, akaukosha tena, na tena, mwenzangu akiuma leso yake asilie.

"Mnatoka wapi?" aliuliza.

"Mjini, mama. Ofisi yetu iko juu ya duka la mbolea," mwenzangu akasema.

"Leo uende hospitali. Usilale bila sindano. Mbwa huyu sielewi amepatwa na nini, si kawaida yake."

Aliita boda boda atuteremshe. Mwenzangu aliogopa kwenda hospitali moja kwa moja kwa sababu kitambulisho kilikuwa kwa meneja, na hatukuwa na chochote mfukoni. Tukaenda ofisini kwanza. Meneja aliinama, akautazama mguu, akasema pole. Halafu akainua begi na kuzikagua sufuria. Kifuniko kimoja kilikuwa kimepasuka.

"Pumzika kesho," alimwambia. "Wiki ikiisha nitakupeleka mwenyewe. Mbwa wa kijijini huuma watu kila siku, dada. Usiwaze mabaya."

Nilisema, "Meneja, yule mama alisema aende leo."

Alinitazama kwa upole. "Yule mama ni daktari?"

Kesho yake mwenzangu hakupumzika. Alifunga mguu kwa kitambaa akabeba begi, kwa sababu hata ukipumzika ulikatwa pesa za chakula na chumba. Tulipangiwa Keumbu, ambako ni tambarare kidogo kando ya barabara, na nadhani meneja aliona huo ni wema. Alichechemea kutoka kibanda hadi kibanda sokoni. Jioni mguu ulikuwa umevimba na kuwa wa moto. Nilimwambia tutoroke twende hospitali. Alisema, "Nikitoka bila kitambulisho nitaanzia wapi?"

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye mistari tukiimba mlango ulipofunguliwa. Aliingia yule mama wa Manga. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ya mashemasi, kilemba cheupe, na viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Alisimama katikati yetu, wimbo ukafa wenyewe, wale wa nyuma wakiwa wa mwisho kunyamaza.

"Natafuta msichana aliyeumwa na mbwa wangu," alisema.

Mwenzangu aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Umedungwa sindano?"

"Bado, mama."

Yule mama alifumba macho kidogo. "Mbwa alikufa jana. Alikuwa akitoa povu, na maji hakuweza kuyameza. Daktari wa mifugo amesema ni kichaa, na kwamba nikutafute kabla ya kitu kingine chochote. Twende."

Sote tulijua kichaa cha mbwa ni nini. Kila kijiji kina mtu anayesimuliwa.

Meneja alikuja mbele akitabasamu. "Shikamoo mama. Tulikuwa tumepanga kumpeleka. Lakini uelewe, hawa si wafanyakazi wetu. Kila mmoja hapa ni mfanyabiashara wa kujitegemea."

"Sawa," alisema yule mama. "Mpe kitambulisho chake. Hospitali watakitaka."

"Kuna utaratibu, mama."

"Kitambulisho cha mfanyabiashara wa kujitegemea kinafanya nini kwenye droo yako?"

Yule mama alivuta kiti pekee kilichokuwepo, cha meneja mwenyewe, akakaa. Alisema kanisani wamemruhusu na ana siku nzima. Meneja alitazama dirishani, akatutazama sisi, akafungua droo. Vitambulisho vilikuwa vimefungwa pamoja kwa mpira. Alipokuwa akivichambua nilitoka kwenye mstari.

"Na changu," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Aliniwekea mezani bila kunitazama. Niligeuka nikidhani wengine watatoka pia. Msichana wa kwaya yetu, yule aliyenileta, alikuwa akiangalia sakafu. Hakuna aliyesogea. Tulipokuwa ngazini tuliwasikia wakianza kuimba tena.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Sindano ya kwanza ilipatikana, na muuguzi akamweleza arudi kwa zile nyingine bila kukosa hata moja. Yule mama alimchukua akakae kwake Manga mpaka atakapomaliza. Mimi nilirudi Nyamira na sketi iliyochakaa. Mama hakuniuliza mengi. Nikaanza kuchuma chai naye.

Kwa wiki nyingi nilipanda Manga siku za Jumapili kumwona mwenzangu. Tulikaa nje tukimenya ndizi za kupika, na kila akihisi koo limekauka au mguu kuwasha aliacha kisu, akanywa maji mbele yetu, kujihakikishia kwamba anaweza kuyameza. Yule mama alijifanya haoni. Mwenzangu alimaliza sindano zote. Hakuugua.

Tulikwenda sisi watatu kwa afisa mmoja wa serikali mjini kueleza. Alitusikiliza vizuri. Aliuliza kama tulikuwa na barua ya kuajiriwa. Tukasema hatuna. Akasema basi kisheria hakuna mwajiri hapo, na akatushauri tuwe waangalifu.

Nilikutana na mwenzangu tena Keumbu, siku ya soko, mwaka uliofuata. Alikuwa amenenepa kidogo na amesuka nywele. Aliniambia yuko Migori, anauza manukato nyumba kwa nyumba. Kampuni nyingine, alisema. Wanalala wachache zaidi chumbani.

"Wamechukua kitambulisho?" nikamuuliza.

Alipanga nyanya alizonunua ndani ya mfuko, zile ngumu chini, laini juu.

"Mtoto anaanza shule," alisema. "Ukiwa na kazi nyingine nipe, nitakuja leo."

Nilikuwa nachuma chai ya watu. Sikuwa na kazi ya kumpa mtu. Nikamsaidia kubeba mfuko mpaka alipokuwa akienda, na njiani tuliongea juu ya mtoto.