Kitabu Nilichokiongezea Maneno

Rafiki yangu, we nakuamini, ndiyo maana haya yangu nakuletea.

Ilikuwa Gitega, wakati wa vita. Mi, mama mzima, nilikuwa nafuata masomo ya jioni ya kusoma na kuandika, najiona msomi kabisa. Watoto waliokimbia Muyinga bila wazazi walikuwa wanakuja kwetu baada ya swala ya Asri, na mwalimu wao Zaina akaniachia kitabu chao. Nafungua: picha tupu! Soko, mbuzi, migomba, watu wengi kama siafu, na herufi hata moja hakuna. Nikasema, maskini, wino uliwaishia.

Nikachukua biki, nikasaidia. Juu ya mbuzi nikaandika MBUZI. Kisimani iko mwanamke anateka maji. Nikamwandikia MAMA ANATEKA MAJI, herufi kubwa mpaka usoni. Nikamshukuru Mungu kwa elimu.

Kesho yake nikawafungulia, nangoja sifa. Kumbe kila mtoto alishajichagulia mtu wake mule ndani. Vidole vikaanza kutembea.

"Huyu baba, anauza chumvi."

"We, huyo ni wangu! Wako iko kwa mbuzi!"

Ee, kelele tamu zile, mpaka leo nazitamani. Ndipo Hadija, mdogo kuliko wote, akafika kisimani. Akasugua kwa mate, wino ukazidi kutapakaa.

"Nani ameandika mama yangu kwenye uso?"

Zaina akanigeukia. "Mama, ni we?"

"Ni mi."

Tafadhali, ukiwa na jirani anayejua kuandika, mwambie kisa hiki kabla hajashika kalamu.