Sandarusi Iliyochimbwa na Sandarusi Tunayoifukia

Jumanne moja asubuhi, nikipepeta mchele uani kwangu hapa Gongoni, nilipigiwa simu kutoka Kigwa. Dada wa aliyekuwa mwalimu wangu wa kemia hakuzunguka. "Dada yangu, mwalimu wako ametutoka alfajiri hii. Moyo umesimama." Nikampa pole. Kisha akasema jambo lililonifanya niuweke ungo chini: "Unalikumbuka neno lake la sandarusi. Njoo mapema. Huku mvua haikatiki, na watu wa mazishi peke yangu sitawaweza." Nililikumbuka. Alilitamka mezani kwa dada yake, sisi wawili tukisikia, huku akimega ugali: "Msinizike na sandarusi. Kaburini mwangu kisiingie kitu kitakachobaki baada ya mifupa yangu. Mkinifunga nayo, nitawaamsha mmoja mmoja." Tulicheka siku hiyo. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Wasomaji wangu vijana wanaijua sandarusi kuwa gunia la plastiki la kutilia mahindi, au karatasi la nailoni la kufunikia bidhaa mvua inapoanza. Neno lenyewe ni la kale zaidi. Sandarusi ilikuwa utomvu wa mti wa pwani, ulioganda na kulala ardhini enzi na enzi, watu wakauchimba na kuuza ng'ambo ukapakwa kwenye samani zing'ae. Neno likahama mtini likaingia kiwandani, wala hakuna aliyeliaga. Marehemu alianza somo lake la polima kwa neno hilo, katika darasa la jioni la watu wazima ambamo mimi niliingia nikiwa mjane tayari, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Sioni haya kulisema. Cheti changu cha kidato cha nne kimetundikwa kando ya picha ya marehemu mume wangu, kwa kimo kilekile. Mwalimu alikuwa mdogo kwangu kwa umri, kwa hiyo kila jioni aliniamkia kwanza, "Shikamoo, mama," nami nikiitika marahaba. Akigeukia ubao tu, heshima hiyo ilikwisha. "Mama, uzee si jibu. Simama useme monoma ni nini."

Monoma, alitufundisha, ni molekuli ndogo iliyo peke yake. Polima ni hizo ndogo nyingi mno zilizoshikana zikawa moja ndefu. Kitabu kiliandika "mnyororo". Yeye alikataa kulitumia neno hilo. "Hapa Tabora," alisema, "mnyororo ni neno lenye shingo ya mtumwa ndani yake. Sisi tutasema msafara." Akatusimamisha katikati ya darasa tushikane mikono kwa safu. Mwenzetu mmoja, mstaafu wa reli, akalalamika: "Mwalimu, nishike mkono wa mke wa mtu?" Nikamwambia, "Shika wa mjane, hana wa kukugombea." "Huyu mjane ana ulimi!" akasema, lakini mkono akaushika. Mwalimu akapiga meza kama ngoma, akatuamuru tucheze, na safu zetu zikateleza, kila moja ubavuni mwa nyingine. Hiyo, akasema, ndiyo plastiki ya ndoo: moto ni ngoma yake, ukiwaka inalainika, ukizimika inaganda, na unaweza kuiyeyusha tena. Kisha akachukua kanga zetu akafunga safu kwa safu. Ngoma ikalia, tukavutana, hakuna aliyesogea, na kanga yangu ikapasuka. "Mpira uliopikwa kwa salfa ndio huo," akasema, "mwaka 1839. Viungo vya safu kwa safu vikishafungwa, moto hauvilegezi. Utaviunguza tu." Kanga hakunilipa.

Tarehe ndizo zilizonipa heshima darasani, na sijazisahau. Mwaka 1869 ni wa seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo; 1907 ni wa ile ya kwanza isiyotoka katika mti wala mnyama; 1920 ni mwaka ambao mwanasayansi mmoja alithubutu kuandika kwamba molekuli ndefu hivyo zipo, wenzake wakambeza. Lakini ni ile ya 1869 aliyoirudia mwalimu wetu. Pembe za ndovu zilipita hapa mjini mabegani mwa watu, zikaishia huko mbali kuwa mipira ya kuchezea biliadi mezani. Zilipoanza kuadimika, watu wakatafuta mbadala, wakaupata katika pamba iliyotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri. "Pamba na kafuri, mama," aliniambia akipangusa chaki. "Nyumbani kwenu vitu hivyo huwekewa nani?" Darasa zima lilijua kwamba huwekewa maiti.

Alhamisi nilishuka Kigwa kabla ya waombolezaji wengi kufika. Kaburi lilichimbwa katika kiwanja cha ukoo, ng'ambo ya reli, na udongo uliotupwa juu ulikuwa na vipande vya mfuko wa nailoni wa buluu. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe mosi Juni 2019. Ardhi haikuwa imepata habari. Maji yalikuwa yakichuruzika shimoni, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi alisimama na jora jipya la sandarusi begani, tayari kutandika. Dada wa marehemu akanitazama. Nikasogea, nikaeleza wosia wa mwalimu.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa upole, "kemia imekwisha. Hapa kuna maji."

"Maji yatakauka. Hiyo haitaoza."

"Unataka tumwogeshe mara ya pili?" Mtu mmoja nyuma akacheka, akakohoa kuuficha mcheko.

Hapo dada mtu akavua viatu, akasimama ukingoni mwa shimo. "Anayezikwa humu ni mdogo wangu. Alichosema nimekisikia kwa masikio haya. Kama ni maji, nitayateka mimi. Leteni magome." Wazee wakaelewa kabla ya vijana. Masika magome ya miti ya miyombo hubanduka bila ubishi. Ndiyo waliyotengenezea vilindo vya kuhifadhia nafaka zamani. Wakayatandika chini na pembeni, nyasi juu yake. Gome nalo ni polima, nilijisemea, msafara uleule wa molekuli, ila huu mchwa wanajua mahali pa kuufungua. Jeneza likashuka. Dada mtu akalia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alikuwa ameshinda. Kisha tukaitwa kuweka mashada: walimu wenzake, kwaya, wanafunzi wa zamani. Yote yalikuwa maua ya plastiki, na hakuna aliyeyatilia shaka, maana yalikuja kwa jina la heshima.

Juzi, masika mawili yakiwa yamepita, tulirudi kulisafisha kaburi. Udongo umetitia, maana magome chini yameanza kurudi yalikotoka, na mchwa wamepanda pembeni na vijia vyao. Maua hayakunyauka. Jua limeyakausha tu, ukiyagusa yanavunjika, na chembe zake nyekundu zimetapakaa katika udongo wa kaburi lote. Dada wa marehemu alipiga magoti akaanza kuziokota kwa kucha, moja moja, kama mtu anayechambua mchele, na kila alipofukua kidogo alikuta nyingine ndogo zaidi, mpaka zikafika udogo ambao macho yetu hayaoni. Akakaa juu ya visigino vyake.

"Dada yangu," akasema, "haya hayaishi."

Nimelichukua neno hilo nikarudi nalo mjini, na bado sijui alikusudia maana ipi kati ya mbili, kwamba hayana uhai au kwamba hayana mwisho. Pengine ni moja. Kitu kisichoishi hakiishi, nacho tumekikabidhi kwa ardhi ileile inayotulisha. Babu zetu walichimba sandarusi. Wajukuu wetu nao watachimba, na watakayoikuta ni yetu. Muwalinde marehemu wenu chini, wasomaji wangu, lakini mtazame pia mnachowawekea juu kwa mapenzi, kwa kuwa mvua inakishusha.